Sote Tulivimba Miguu

Mwanamke aliyejifungua akisema amechoka, nani atamshangaa? Na aliyejifungua pacha je? Mimi nilianza kuchoka mimba ikiwa na miezi minane, nikajifungua, nikazidi kuchoka, na kila niliyemwambia alikuwa na jibu mkononi. Mama mkwe alisema nimepungukiwa damu. Jirani akasema ni watoto, wawili wananyonya kwa zamu, nguvu itabaki wapi? Mteja wangu mmoja akaniletea rozela na fungu la matembele. Miguu ilivimba hata nikawa siwezi kuvaa ila kandambili za mume wangu, na hilo nalo lilikuwa na maelezo yake: mjamzito huvimba, mzazi huvimba, utarudi tu.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Korogwe. Nashona sare za shule, madera, na nguo za harusi msimu wake ukifika. Mume wangu anaendesha bajaji ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu. Pacha wetu ni wa kike, na kabla yao tulikuwa na mabinti wawili. Nayataja haya mapema kwa sababu yatakuja kuhusika.

Usiku ndio ulionitisha. Nikilala chali pumzi inakata. Nikaongeza mto wa pili, kisha wa tatu, mwisho nikawa nalala nimeketi, mgongo ukutani, mtoto huku na mtoto huku. Nikipitiwa na usingizi nateleza, na nikiteleza nashtuka nimekabwa koo, nakimbilia dirishani kutafuta hewa. Mama mkwe akasema ni jinamizi. Akaitwa mzee wa kusoma, akasoma, akanipulizia maji. Kituo cha kwanza cha afya nilichokwenda walinipa dawa za nimonia. Cha pili wakanipa dawa ya pumu ya kuvuta, na makohozi yangu yakapimwa kifua kikuu, yakaonekana safi. Dawa za nimonia nikazimaliza, nikapewa tena zile zile. Katika safari zote hizo sikupata mtu hata mmoja wa kuniuliza nalalaje.

Aliyeniuliza ni mkunga mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, aliyekuja kufuata gauni aliloniachia kabla sijajifungua. Alinikuta kwenye mkeka nimeegemea ukuta. Gauni hakulitaja. Alikaa akanitazama shingo kwa muda, mshipa ulivyotuna, kisha akasema, "Mama Pacha, usiku huwa unalalaje?" Nikamwambia nalala nimekaa. Akanibonyeza kwa kidole juu ya muundi, akakitoa, shimo likabaki pale pale. "Mwanangu, huu si uchovu wa uzazi. Kesho nenda hospitali kubwa. Usisubiri arobaini."

Mama mkwe hakupenda. Mzazi kutoka nje kabla ya arobaini, na vichanga viwili mgongoni, kwao ni kujitafutia balaa. Lakini usiku ule niliamka nikikohoa povu lenye rangi ya waridi, na asubuhi hakuna aliyebishana tena.

Hospitalini walipiga picha ya kifua. Dokta aliinyanyua kwenye mwanga akanionyesha: moyo umechukua zaidi ya nusu ya upana wa kifua, na mapafu yamejaa ukungu. Nikachomwa sindano ya Lasix. Sikuwahi kukojoa vile maishani. Kesho yake niliweza kulala chali, nikalala mpaka nikaamshwa kunyonyesha, nikaamini nimepona.

Nasema kweli, hapo ndipo wengi wetu tunaporudi nyumbani. Maji yametoka, pumzi imerudi, nauli imekwisha, mtu anachukua paketi yake ya vidonge na kuondoka. Mimi pia nilikwisha kufunga mzigo. Dokta yule alikuwa kijana, huenda hata hakuwa na miaka mingi tangu amalize chuo, lakini alinizuia kwa maneno ambayo mpaka leo naona ndiyo yaliyoniokoa: "Maji tumeyatoa, mama, ila hatujui kwa nini yalijaa. Picha ya kifua inatuonyesha moyo ni mkubwa. Haituonyeshi unafanya kazi vipi. Unahitaji eko." Pale kwao mashine ilikuwepo, mtu wa kuitumia hakuwepo. Akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam.

Bima hatukuwa nayo. Mume wangu alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kama ovaloki yangu bado inafanya kazi vizuri. Nilijua anauliza nini. Iliuzwa siku ile ile kwa fundi mwenzangu, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Tulipanda basi la alfajiri, mimi nimekaa dirishani, mama mkwe na watoto nyuma yangu, Segera, Chalinze, mpaka jijini. Mama mkwe alinung'unika njia nzima, na bila yeye nisingefika.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Upanga, ndani ya eneo la Muhimbili. Ilianzishwa mwaka 2015. Wazee wanakumbuka jinsi zamani mgonjwa wa moyo anayehitaji upasuaji ilivyokuwa lazima jina lake liingie kwenye orodha ya kupelekwa India. Nilipofika mimi, kwenye mabenchi ya kusubiri kulikuwa na watu wa Lindi, Singida, Pemba, kila mtu na bahasha yake ya kaki ya picha za kifua.

Chumba cha eko kina ubaridi na mwanga hafifu, ili kioo kisomeke. Nilivua nguo ya juu nikapewa gauni linalofunguka mbele. Mtaalamu alinilaza ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto nyuma ya kichwa. Alikuwa mtu wa kueleza, nami ni mtu wa kuuliza, tukaelewana. Ukilala hivyo, alisema, moyo unasogea karibu na mbavu. Mapafu yana hewa, na mawimbi yake hayapenyi hewa vizuri, wala hayapenyi mfupa. Kwa hiyo anatafuta upenyo kati ya ubavu na ubavu. Akanibandika vibandiko vya nyaya vya kufuatilia mapigo, akapaka jeli ya baridi, akakandamiza kile kifaa chini ya titi la kushoto. Titi lilikuwa limejaa. Maziwa yakanitoka yakachanganyika na jeli, naye akafuta kwa karatasi bila kusema neno, akaendelea na kazi.

Mpaka siku ile sikujua kwamba eko ni sauti. Kifaa kinatoa sauti ya juu mno ambayo sikio la binadamu haliisikii. Inaingia, inagonga kuta za moyo, inarudi, na mashine inapiga hesabu imechukua muda gani kurudi, kisha inachora. Hakuna mionzi, ndiyo maana hata mjamzito hupimwa bila wasiwasi. Jambo hilo lilinichoma. Kumbe ile miezi minane ya mimba, nilipoanza kulalamika, kipimo hiki kingewezekana.

Nikageuza macho kwenye kioo. Nilitarajia moyo ule wa kwenye kadi za harusi. Nikaona vyumba vyeusi vimezungukwa na kuta za kijivu, na katikati vijimlango viwili vyembamba vinavyofunguka na kufunga. Vijimlango vilikuwa na bidii. Kuta hazikuwa nayo. Chumba kikubwa cha kushoto, kile kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, kilikuwa kipana na cha mviringo, na kuta zake zilijongea kidogo tu, kisha zikaacha. Sikuhitaji kutafsiriwa. Fundi yeyote anaijua lastiki ya sketi iliyovutwa mpaka haikumbuki tena kurudi.

Mtaalamu akasimamisha picha, akavuta mstari kutoka ukuta hadi ukuta: milimita 64. Kwa mwanamke chumba hicho kikijaa hakitakiwi kupita 52 hivi. Akafuata kwa alama ukingo wa ndani wa chumba kilipojaa, akarudia kilipojiminya, mashine ikapiga hesabu ya tofauti. Akawasha rangi. Nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, buluu ni inayokwenda mbali nacho. Na pale mlangoni kukatokea mmwagiko wa rangi zilizochanganyika, damu inarudi ilikotoka. Nikauliza kama mlango umeharibika. Akasema mlango mzima, ila fremu yake imetanuka pamoja na chumba, kwa hiyo mabawa hayafikiani. Chumba kikirudi, huenda na mlango ukafunga. Alikaa muda mrefu kwenye ncha ya moyo akiigeuza picha huku na huku, na hapo hakuwa anaongea. Baadaye niliambiwa alikuwa anatafuta donge. Damu isiyosukumwa vizuri huzubaa, ikizubaa huganda, na donge likichomoka linaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Hakuliona. Mwisho akashusha kifaa chini ya kifua, juu ya tumbo, akaniambia nivute pumzi haraka kwa pua. Alikuwa anatazama mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kwa mtu mzima wa afya, ukivuta pumzi ule mshipa unasinyaa. Wangu ulibaki umetuna vile vile. Maana yake maji hayakuwa yamekwisha, hata kama mimi nilijiona mwepesi.

Daktari bingwa alitusomea majibu mimi na mume wangu. EF ni asilimia 25. Mume wangu akauliza, "Dokta, sasa zile 75 zimekwenda wapi?" Hakucheka. Alieleza kwamba EF ni sehemu ya damu inayosukumwa, na hakuna moyo unaosukuma asilimia 100. Kila pigo, moyo wenye afya hutoa kama 55 hadi 70 ya damu iliyomo kwenye kile chumba cha kushoto, nyingine hubaki kusubiri pigo lifuatalo. Kwa hiyo mtu mwenye 60 si mgonjwa, ni mzima. Mimi nilikuwa chini ya nusu ya hapo. Wangapi huambiwa "moyo wako uko asilimia 40" wakaenda kuandika wosia, kwa sababu hakuna aliyewaambia namba hii inaanza kuhesabiwa wapi!

Ugonjwa wangu ni udhaifu wa misuli ya moyo unaotokana na uzazi. Hujitokeza mwishoni mwa mimba au katika miezi michache baada ya kujifungua, EF ikiwa chini ya 45 na hakuna sababu nyingine inayoonekana. Huwapata zaidi waliobeba pacha, waliopita miaka 30, waliopata presha ya mimba, na sisi wanawake wa asili ya Kiafrika. Hakuna nilichofanya kuuleta. Nilimwomba dokta aliseme hilo tena, kwa sauti, mama mkwe akiwa amesimama mlangoni.

Nililazwa. Na wodini ndiko nilikoelewa kwa nini kijana yule wa rufaa alinizuia.

Kitanda cha kulia kwangu alikuwa binti wa kidato cha tatu, kushoto bibi mmoja wa Kisarawe. Sote watatu tulivimba miguu. Sote tulilala tumeketi. Sote tulikojoa kwa Lasix. Mgeni angeingia angesema hawa wana ugonjwa mmoja, wapewe dawa moja. Lakini eko zetu zilikuwa za watu watatu wasiojuana.

Binti EF yake ilikuwa 62. Ndiyo, nzima kabisa, na hakuweza kupanda ngazi. Utotoni aliugua koo mara kwa mara, akapata homa na maumivu ya viungo, ikapita ikasahaulika, kumbe ilikuwa inaunguza milango ya moyo polepole. Mlango wa maitrali, ule ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto, kwa kawaida hufunguka kwa nafasi ya sentimita za mraba 4 hadi 6. Wake haukufika 1. Misuli ina nguvu, ila damu haipati pa kupita, inarudi kujaa kwenye mapafu. Yule mtaalamu wa eko alipokuja wodini kumpima tena, alitusimulia kwamba kipimo chenyewe kilizaliwa kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler alikuwa anataka kujua kabla ya upasuaji kama mlango wa maitrali umebana au unavuja, maana kukosea hapo ni kumpasua mtu bure. Mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz akaenda kwenye karakana ya meli huko Malmö, walikokuwa na mashine ya sauti ya kutafuta nyufa ndani ya chuma, akaielekeza kifuani. Binti akasikiliza yote, akauliza kama walimpima nani kwanza. Hertz alijielekezea mwenyewe, akajibiwa. Akacheka, na kucheka kukamkatisha pumzi.

Bibi wa Kisarawe alikuwa na presha ya miaka, akinywa dawa kichwa kikimuuma, kisipouma akiacha. EF yake 58. Kuta za moyo wake zilikuwa nene, milimita 15 mahali ambapo mwanamke hapaswi kupita 9 au 10, na chumba chenyewe kimekuwa kidogo. Moyo unajiminya vizuri ila haulegei kupokea damu. "Nimeambiwa nina moyo mgumu," alitutangazia wodi nzima. "Marehemu mume wangu alinipa majibu hayo hayo miaka arobaini, na hakuwa na mashine." Wa aina yake ndio wengi. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulifuatilia wagonjwa 427 ambao moyo umeshindwa kazi. Wastani wa umri ulikuwa miaka 55, na karibu nusu yao chanzo kilikuwa presha. Miaka 55 ni mtu ambaye bado anasomesha.

Kwa hiyo binti alisubiri kupanuliwa mlango, na tangu siku hiyo akaandikiwa sindano ya penisilini ya kila mwezi, ili koo lisije likamrudia. Bibi akapangiwa dawa za presha na kukaripiwa juu ya kuziacha. Mimi nikapewa kavediloli kidogo kidogo, enalaprili, spironolaktoni na Lasix. Ungetubadilishia vyeti usingizini, mmoja wetu asingeamka.

Kisha likaja suala la maziwa. Dokta alisema kuna dawa, bromokriptini, inayozima homoni ya kutengeneza maziwa. Inadhaniwa kwamba kwa wanawake wa aina yangu homoni hiyo hukatika, na kipande chake kimoja ni sumu kwa mishipa midogo ya moyo. Mwaka 2010 Profesa Karen Sliwa wa Afrika Kusini na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 20, na waliopewa dawa hiyo mioyo yao iliinuka zaidi ya wenzao. Dokta hakunificha kwamba watu 20 ni wachache, na kwamba si kila bingwa anaitoa kwa kila mgonjwa. Kwa moyo uliofikia 25 yeye aliona inafaa. Ingebidi pia nichomwe sindano za tumboni kuzuia damu kuganda. Na pacha waachishwe ziwa kabla hawajatimiza arobaini.

Mama mkwe alilia. Mimi sikulia mbele yake. Maziwa ya kopo ya watoto wawili, bei yake uliza mwenye kununua ya mmoja, na mume wangu bajaji aliiacha Korogwe, hesabu hailetwi. Kwa siku mbili nilibaki nacho kidonge kwenye kabati la kitanda. Bibi wa Kisarawe ndiye aliyenimaliza: "Mwanangu, kopo linanunuliwa. Wewe unanunuliwa wapi?" Nikameza. Kifua nikakifunga kanga, na usiku pacha wakilia kule Mbagala walikofikia na bibi yao, titi lilijua, ingawa sikuwa nawasikia.

Mabinamu wa mume wangu, mabibi wa msikitini, wanawake wa mtaani kwetu waliochanga kwenye kikundi chetu cha kufa na kuzikana ingawa sikuwa nimekufa: hao ndio walionunua makopo ya mwanzo. Siwezi kuyasimulia haya bila kuwataja.

Nyumbani niliambiwa nijipime uzito kila asubuhi, nikiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache nisingoje kuvimba. Chumvi ilikatwa. Kwa mtu aliyekulia Tanga, kunyimwa ng'onda na papa wa chumvi ni adhabu, na mama mkwe alishuku kwamba madaktari hawajui ladha. Mpaka nilipomweleza nililosikia kliniki, kwamba huko Zaria, kaskazini mwa Nigeria, mila ya wazazi ilikuwa kunywa uji uliotiwa magadi kwa siku nyingi baada ya kujifungua, na madaktari wa huko waliona wanawake wengi wakijaa maji na moyo kushindwa. Kama magadi ndiyo yaliyodhoofisha misuli yenyewe, hilo wataalamu wanabishana. Kwamba chumvi nyingi huvuta maji, hilo halina mbishi. Mama mkwe aliguna. Ng'onda ikahamia kwenye sahani yake mwenyewe.

Eko ya pili, baada ya miezi kama mitatu, nilikwenda nikiwa najisikia vizuri. Napanda ngazi, nashona tena nusu siku, nalala na mto mmoja. Nilitarajia 50. Ikasoma 30. Nilikaa kwenye benchi nikashindwa kuinuka. Dokta aliniita tena ndani. Alisema tofauti ya 25 na 30 peke yake asingeitegemea sana, ni ndogo kiasi kwamba mpimaji mwingine, au pembe nyingine ya kifaa, ingeweza kuileta au kuifuta. Akanionyesha mengine: chumba kimepungua kutoka 64 hadi 59, uvujaji wa mlango umekuwa mdogo, na ule mshipa wa tumboni sasa unasinyaa nikivuta pumzi. "Unaisoma karatasi kwa mstari mmoja tu," alisema. Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia wenzangu kliniki, wanaokuja wamekariri EF zao, waulize pia upana wa chumba, na kama inawezekana wapimwe na mtu yule yule.

Iliyofuata ilisoma 41. Kisha 47, chumba milimita 54. Hapo imesimama. Wako waliougua kama mimi wakarudi kabisa, wengi wao ndani ya miezi sita ya mwanzo. Wako waliozikwa. Mimi niko katikati, na dawa naendelea kumeza.

Jambo moja silimezi. Kutoka Korogwe mpaka Upanga kwa ajili ya kulazwa ubavu wa kushoto kwa nusu saa ni mbali mno. Najua bingwa hawezi kuwa kila wilaya. Lakini nchini Rwanda, katika hospitali ya wilaya ya Rwinkwavu, mwaka 2006 walianzisha kliniki ambamo wauguzi hufundishwa kutumia mashine ndogo ya ultrasaundi kujibu maswali machache tu: misuli imedhoofika sana au haikudhoofika? Mlango wa maitrali umebana? Upande wa kulia umetanuka? Wakishajua mgonjwa yuko kundi gani wanaanza dawa, na bingwa huja baadaye kuhakiki. Maswali matatu hayo yangetosha kututenganisha mimi, binti na bibi. Taasisi yetu nayo hutuma wataalamu mikoani kwa zamu, na watu hujaa uwanjani tangu usiku. Wakiondoka, mashine inafunikwa kitambaa. Mkunga wangu mstaafu aliona kwa macho na kidole. Angepewa kifaa na mafunzo, angefanya nini?

Binti alipanuliwa mlango. Alinipigia simu baada ya mtihani wa kidato cha nne, akaniita shangazi. Bibi wa Kisarawe simu yake haipatikani siku hizi.

Limebaki lile la mabinti wanne. Ukoo wa mume wangu ulisubiri kwa heshima mpaka nikaanza kunenepa, kisha maneno yakaanza kupita: mume hana mrithi, si umeshapona, mwenzio fulani alizaa na moyo huo huo. Dokta alikwisha kunieleza kwamba moyo ambao haujafika 50 haushauriwi kubeba mimba nyingine, kwamba ugonjwa unaweza kurudi mkali kuliko mwanzo, na kwamba enalaprili ninayomeza humdhuru mtoto tumboni. Yote hayo niliyarudia nyumbani, nikaonekana najitetea. Hivyo siku ya ile eko ya 47 nilimwomba mtaalamu mume wangu aingie. Akasimama kichwani kwangu. Akaonyeshwa picha ya siku ya kwanza na ya siku ile, zimewekwa bega kwa bega kwenye kioo kimoja. Hakuuliza kitu, wala njiani hakusema.

Tulipofika Korogwe alimkuta mama yake uani anapepeta mchele. Akamwambia, "Mama, moyo wake nimeuona. Mtoto mwingine hapana." Mama mkwe alipepeta mpaka akamaliza ungo. Wiki ile ile alikuja asubuhi na mapema, akambeba pacha mmoja mgongoni na mwingine akamshika mkono, ili mimi niende zahanati kuweka njiti.